Ngawa wa Bi Mize

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mgogoni kuku akipotea watu hawakuuliza ameliwa na mnyama gani. Waliuliza ameliwa na mnyama wa nani. Ngawa wa Mungu, walisema, hula akashiba akaenda zake. Ngawa wa kufugwa hutumwa na mtu, hula kuku wa majirani na kuwaacha wa mwenyewe. Na mwaka huo ninaousimulia, kuku wa mtaa mzima walipukutika isipokuwa wa Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa bondeni. Alitoka Wambaa kuja kuolewa kwetu, na mumewe alipofariki akabaki na nyumba na mikarafuu iliyopakana na ya Ami Hamadi, ndugu yake baba. Kuku wake aliwalaza katika kizimba kilichoinuliwa juu ya nguzo, na mlango wake akaufunga kwa kamba ya usumba. Wetu sisi walilala jikoni, juu ya mpera, popote kiza kilipowakuta. Leo nikieleza hivi, hata mtoto ataona kwa nini wake walisalimika. Wakati ule kizimba chenyewe ndicho kilichomponza. Mbona afunge namna ile, watu waliulizana, kama hajui kinachokuja?

Bingwa wa kuita ngawa alikuwa Ami Hamadi. Bunduki hakuwa nayo, mbwa hakuwataka. Alikuwa na mkuki, jani la ukindu na subira. Jani alilibana baina ya vidole gumba, akalipuliza, ukasikia kifaranga aliyepotezana na mama yake. Wanawe walikuwa Unguja masomoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikichunga vifaranga wa Bibi, mama yake, basi akaamua kunifundisha mimi. Mwanzoni nilipuliza mfululizo mpaka akaninyang'anya jani.

"Kifaranga mwenye dhiki halii vivyo," aliniambia. "Lia kidogo, kisha nyamaza. Mwache mwenye njaa akutafute."

Alinikataza kuja na nguo zilizofukizwa udi. Mbu akiniuma nimwache ashibe. Lakini asichokifanyia mzaha kabisa kilikuwa upepo. Ngawa huamini pua kabla ya macho, kwa hiyo muitaji hukaa upepo umpige usoni. Ukikaa ukupige mgongoni, unampelekea harufu yako kabla hujamwita. Siku moja nilikaa vibaya, akanirudisha nyumbani palepale na kusema asiyejua upepo akasuke mikeka. Nililia kwa hasira njia nzima. Nilipomwita ngawa wangu wa kwanza, akatokeza pua yake baina ya majani ya muhogo, nilisahau hata kupumua. Ami alimwacha aende. Alisema ngawa wa kwanza wa mwanafunzi hauawi.

Maneno juu ya Bi Mize yalipozidi, watu walimtaka Ami amwite huyo ngawa mbele ya macho yao. Kwetu hiyo ndiyo iliyokuwa hukumu. Ngawa wa Mungu akisikia kifaranga humjia muitaji mpaka karibu. Wa kufugwa husimama, akatambua hila, akakimbilia kwa aliyemtuma.

Tulikusanyika uani kwetu baada ya alasiri, wanaume mbele, wanawake na watoto nyuma. Hakuna aliyekohoa. Ami alivua makubadhi, akenda kukaa ukingoni mwa konde la muhogo. Mimi nilikuwa ubavuni mwa Bibi, na jambo la kwanza nililoliona ni moshi. Jiko la Bibi lilikuwa nyuma yetu, na moshi wake ulipita juu ya vichwa vyetu, ukapita juu ya kofia ya Ami, ukaingia kondeni. Nilingoja ahame. Hakuhama.

Akapuliza, akanyamaza. Akapuliza tena. Majani yakatikisika, ngawa akatoka, madoadoa yake yakionekana wazi katika jua lile la jioni. Alipiga hatua chache kumwelekea Ami. Kisha akasimama, akainua pua, akageuka na kukimbia bondeni, akapotelea nyuma ya nyumba ya Bi Mize.

Watu walishusha pumzi kwa pamoja. "Mmeona wenyewe," mtu mmoja akasema.

Nilimvuta Bibi kanga. "Bibi, Ami kakaa upepo mgongoni."

Alinifinya paja. "Nyamaza. Ngawa kapita mbele ya macho ya watu, weye waleta habari za upepo?"

Bi Mize alikuwa ametoka mlangoni, mikono yake ingali na unga. Alituangalia sote. "Ndani mwangu mna mie na vyombo vyangu," alisema. "Ingieni mutazame." Hakuingia mtu. Nyumba ya mfugaji haiingiwi, anayeingia hutoka na kitu mgongoni. Kwa hiyo hawakutazama, na kwa kuwa hawakutazama, walikuwa na hakika.

Baada ya hapo salamu zake ziliitikiwa nusunusu. Akileta futari huachwa sahanini. Kabla ya mavuno ya karafuu alirudi kwa nduguze Wambaa, na karafuu zake akachuma Ami Hamadi, zisije zikaharibikia mtini, alisema. Akazichuma na mwaka uliofuata. Kuku nao waliendelea kuliwa kama kawaida. Watu wakasema anamtuma kutoka huko huko Wambaa, na mimi nilipouliza ngawa huyo anapita njia gani, nikafinywa tena.

Nimeishi na shaka hiyo mpaka utu uzima. Mtu aliyenifukuza kondeni kwa kosa la upepo, vipi alifanye yeye siku ambayo kijiji kizima kinamtazama? Labda alibabaika kwa macho ya watu. Labda upepo uligeuka alipokwisha kukaa, akaona haya kuhama. Nilimuuliza, yeye akiwa mzee sana na mimi nikiwa na watoto wangu.

"Upepo wa kwetu hugeuka," alisema, kisha akauliza kama chai iko tayari.

Juzijuzi harusi ilinipeleka Wambaa. Niliulizia, nikaonyeshwa kwa Bi Mize, sasa mwembamba, lakini macho yake yaleyale. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni mtoto wa nyumba gani, akanikumbuka. Nilikwenda kumpa kitu ambacho niliamini ni chake kwa miaka yote hiyo, nikamweleza habari ya moshi na upepo, bila ya kumtaja Ami kwa ubaya. Alinitaka nieleze tena, pole pole, muitaji hukaa vipi, moshi ulikwenda wapi.

"Kwa hivyo yule ngawa alikimbia harufu ya watu," alisema.

"Ndiyo, Bi Mize. Na njia ya kwenda porini ilipita nyuma ya kwako."

Alipapasa ukingo wa kitanda. "Mie nilimuona kwa macho yangu akija kwangu. Bibi yangu alikuwa akisemwa maneno hayo hayo. Nikafikiri labda kaniachia kitu bila ya kunambia. Labda nnalala, kumbe natoka."

Baada ya sala ya magharibi binti wa ndugu yake aliingia na kufuli mkononi. Nilidhani anakwenda kufunga duka. Bi Mize akanieleza, bila ya haya wala huzuni, kwamba tangu aliporudi Wambaa hulala mlango umefungwa kwa nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba, asije akaharibu kuku wa watu.

"Leo nisifunge, shangazi?" binti aliuliza, maana alikuwa amesikia yote akiwa chumba cha pili.

Bi Mize alinitazama, akautazama mlango. "Funga," alisema. "Leo funga tu, mwanangu."

Nilitoka nikasimama nje wakati binti anafunga. Nilikuwa nimekuja na ushahidi wote, nao ulikuwa wa kweli, na haukumsaidia kitu. Mgogoni walimshuku Bi Mize msimu mmoja wakamsahau. Yeye hajapata mapumziko hayo. Kama Ami alikosea au alikusudia sijui hadi leo, na usiku ule, nikirudi harusini, niliona kwamba kwa Bi Mize ni mamoja.