Nilimfungulisha mama mkwe begi lake siku ya dina ya mahafali ya binti yangu, chanzo mihogo

Wakuu, heshima kwenu, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukomenti nawaona pia.

Naleta hili jambo kama lilivyotokea. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa Rombo, niko Mtwara mwaka wa ishirini na nne. Kazi yangu bandarini ni kukagua mizigo. Ukikaa kwenye kazi hiyo muda mrefu unaanza kuona kila aliyebeba kitu anaficha kitu. Mke wangu anasema hata mgeni akija na mkungu wa ndizi naangalia chini yake kwanza. Anazidisha kidogo.

Mke wangu, mama Neema, ni mwenyeji wa Mahurunga, kijijini huku huku kusini. Kwao ni Waislamu, wakulima wa korosho na mihogo. Tulipotaka kuoana, mama yake hakusema ndiyo wala hapana. Miaka yote hii hanitazami usoni. Akitaka kuniambia kitu anapitia kwa Neema, binti yetu wa kwanza, hata kama nimekaa mita moja kutoka alipo.

Mimi nikajijibu mwenyewe: huyu mama hanipendi.

Sasa Neema kamaliza chuo cha ualimu. Tukapanga dina ya familia Jumapili jioni hapa nyumbani Shangani, watu kama ishirini na watoto wao.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshuka, kwa hiyo Jumamosi niliitenga kwa ajili ya bustani. Nina kieneo nyuma ya nyumba: mchicha, bamia, na fahari yangu, mihogo. Bustani ni yangu, mke wangu hachumi hata jani bila ruhusa.

Mbegu ya mihogo niliiokota mwaka jana kwenye kiwanja kimoja kilichotelekezwa. Mke wangu nilimwambia nimepewa na bwana shamba, ili asinicheke. Ikakubali balaa. Panya walimaliza viazi vitamu vyangu vyote, mihogo hawakugusa hata mmoja. Nikajiona nina mkono wa kupanda.

Mama mkwe alifika Ijumaa na begi la zipu alilolizungushia tena kipande cha khanga na kukaza fundo. Neema alitaka kumpokea, akakataa. Akaliingiza chumbani mwenyewe.

Hilo nikaliweka kichwani.

Nikakumbuka na shati langu la bluu. Lilipotea kambani mwezi mmoja nyuma, wiki ileile mke wangu alipokwenda Mahurunga kusalimia. Nilipouliza akasema labda limechukuliwa na upepo. Upepo gani unachagua shati moja?

Jumamosi asubuhi niko dirishani na chai yangu, namwona mama mkwe katikati ya mihogo. Kafukua shina moja kwa mkono. Akavunja ncha ya muhogo, akaonja, akatema. Akatema tena. Akafukia vizuri. Halafu akageuka kuangalia dirisha langu.

Wakuu, chai ilinishinda.

Siku nzima mimi napalilia, Neema anasia mchicha, bibi yake yuko kwenye mkeka anaangalia mihogo tu.

"Neema, muulize baba yako mbegu hii kapewa na nani."

Neema akaanza kucheka. "Baba, bibi anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie mtu wa kilimo."

Mchana wakati wa kula nikatangaza kwamba kesho wageni watakula muhogo wa nazi kutoka kwenye bustani hii, hakuna cha kununua sokoni. Akaacha kutafuna. Mimi nikasema moyoni, nimekupata.

Jioni nikang'oa mashina sita, nikajaza kiroba, nikakiweka jikoni.

Jumapili tukaenda kanisani, yeye akabaki. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa namwona akitema tu, na kichwani nimeshaunganisha shati, begi, mate na siku ya mwanangu. Nikaogopa kweli, siwadanganyi. Nikamnong'oneza mke wangu nimesahau simu, simu iko mfukoni, nikachukua bodaboda.

Nikamkuta nyuma ya nyumba na jembe. Kachimba shimo kando ya uzio, mihogo yangu yote ya kwenye kiroba imo ndani, anaifukia.

"Mama, unazika nini kwangu siku ya mwanangu?"

"Mihogo, baba Neema," akajibu akiliangalia shimo, maana Neema wa kupitishia hakuwepo.

Hapo mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nikasema nataka kuona ndani ya lile begi. Nilisema kwa sauti ambayo jirani alipunguza redio.

Akaweka jembe chini. Akanawa mikono, akaenda kulileta, akafungua fundo mwenyewe pale kwenye baraza ya nyuma.

Cha kwanza kutoka ni shati langu la bluu.

Wakuu, nilifurahi. Nilijisikia kama siku ninayokamata mzigo wa magendo.

Akaendelea kutoa. Gauni la kitenge la Neema. Gauni la mke wangu, kitenge hichohicho. Na shati la kiume la kitenge hichohicho, limeshonwa kwa kufuata lile la bluu, mpaka mfuko wa kalamu ninaoupenda. Sare ya familia kwa ajili ya jioni ile. Shati la zamani mke wangu alilipeleka kwa siri, fundi achukue vipimo.

Mama mkwe akavikunja tena kimoja kimoja.

Mke wangu na Neema wakaingia kutoka kanisani. Mke wangu akaliona shimo, akaliona begi, akaniona na mimi. Akaokota muhogo mmoja, akauvunja, akaugusisha ulimi. Akatema.

"Baba Neema, hii ni michungu. Hii ni ya makopa. Nani kakupa?"

Kwa wenzangu wa bara: huku kuna mihogo mitamu na kuna michungu. Michungu wanaipanda makusudi, kwa sababu wanyama waharibifu hawaitaki. Lakini haichemshwi ikaliwa. Inamenywa, inaanikwa mpaka inakuwa makopa makavu, ndiyo inasagwa unga. Ukiichemsha tu unakula sumu, na mtoto mdogo anaweza kufa. Mimi wa Rombo najua muhogo ni muhogo.

Jikoni kulikuwa na beseni la mihogo mitamu, imeshamenywa. Tulipokuwa kanisani mama mkwe alichukua bajaji hadi sokoni Chikongola akanunua ya kubadilisha.

"Mama, si ungeniambia mimi?" mke wangu akamuuliza.

"Mngegombana. Na yeye keshawatangazia watu ni mihogo yake."

Kwao mkwe humkosoi. Unamtengenezea apite, asijue. Hata kule kutonitazama usoni kulikuwa heshima. Mke wangu aliwahi kuniambia, nikadhani anamtetea mama yake.

Jioni nikavaa lile shati. Limenikaa sawasawa, na ndilo lililoniumiza.

Shemeji mmoja akasifia mihogo, akauliza mbegu imetoka wapi. Nikafungua mdomo nikitaka kusema yote. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye mkeka anawalisha watoto, akaniwahi.

"Neema, mwambie mjomba wako, baba yako ana mkono."

Watu wakapiga makofi. Watoto wakaomba kuongezewa. Mimi nikaangalia sahani yangu mpaka macho yalipokauka.

Jumatatu akaondoka. Alhamisi dereva wa Mahurunga akaleta mzigo wa vijiti vya mihogo, umefungwa kwa kile kipande cha khanga cha kwenye begi. Ujumbe ulipitia kwa Neema: "Mwambie baba yako hii anaweza kula hata mbichi."

Nimeng'oa ya zamani yote, nimepanda hii.

Nilichojifunza ni kwamba wikiendi nzima nilimkagua mama wa watu, na kitu pekee chenye sumu pale nyumbani nilikipanda mimi, nikakidanganyia, na sikuwahi kukionja.

Sasa naombeni ushauri. Mke wangu anasema nikienda kuomba msamaha kwa mdomo nitamwaibisha zaidi, maana itabidi akubali kwamba nilimkosea, na yeye kwa kila anayeuliza anasema dina ilikuwa nzuri na mkwe wake hana neno. Wenye wakwe wa kusini, mtu wa namna hii unamwombaje msamaha?

Kile kipande cha khanga nimekifua. Kiko mezani tangu Alhamisi, sijui nikirudishe vipi.