Fulana ya Mgeni Wetu

Wiki iliyopita mama alipewa tiketi kazini kwake, nasi tukaenda tena kwenye uwanja ule wa besiboli ambao sikuwa nimeukanyaga tangu nikiwa mtoto. Viti vimepakwa rangi mpya. Mahali mama alipokuwa akisimama kukaanga chipsi siku hizi kuna duka la kofia. Lakini kwenye ukuta wa kuelekea vyooni wameiacha picha ya timu ya mwaka ule tulioshinda ubingwa. Jua limeifubaza, wachezaji wote wamekuwa na rangi moja, ya chai yenye maziwa mengi. Nilisimama pale mpaka mama akaja kunitafuta, naye akasimama.

"Mwangalie alivyokonda!" akasema, kidole kikiwa juu ya kijana aliyewahi kuwa mgeni wetu.

Tukacheka sote wawili, kwa sababu katika nyumba yetu hakujawahi kukaa mtu aliyekula kama yule.

Tuliishi ughaibuni, mji wa Adelphi, kwenye maghorofa ya matofali mekundu karibu na University Boulevard: mama, bibi na mimi. Kaka yangu alikuwa amekwenda kusoma mbali, na chumba chake kilikuwa kitupu. Siku za mwisho wa juma mama alifanya kazi jikoni pale uwanjani. Timu ile haikuwa ile kubwa inayoonyeshwa kwenye televisheni. Ilikuwa timu ndogo, ya kulea vijana mpaka timu kubwa iwachukue, na vijana wale walilipwa kidogo sana hata kodi ya chumba iliwashinda. Basi kila mwaka ofisi ya timu iliwaomba watu wenye chumba wampokee mchezaji mmoja mpaka msimu uishe. Mama alikubali kabla hajamwuliza bibi.

"Mwanamume mzima," bibi alisema, "hatumjui baba yake wala mama yake, aje alale humu?"

Bibi alitoka Tanga na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Lakini kijana alipofika mlangoni na mfuko wake wa magongo begani, shingo nyembamba, amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, bibi alimtazama toka juu hadi chini, akageuka kwenda jikoni. "Huyu ana njaa," akasema. Mambo yakaishia hapo.

Alitoka kwenye kisiwa kimoja huko Karibiani. Alisema Kihispania, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Bibi alizungumza naye Kiswahili, yeye akajibu kwa lugha yake, na sikuwahi kuona wamekosa kuelewana kuhusu chakula. Alimwita Bibi, kama sisi. Siku ya kwanza na ya pili bibi alimwandalia mezani kama bwana harusi. Siku ya tatu akamwekea mbele bakuli la vitunguu na kisu. "Mgeni siku mbili," akaniambia mimi, "siku ya tatu mpe jembe."

Mimi nilikuwa mtoto mwenye haya. Wageni wakija nilijificha chumbani, na hata shuleni mwalimu aliniuliza maswali ya kujibiwa kwa kichwa. Yule kijana naye alikuwa na haya zake. Asubuhi kabla hajaenda uwanjani tulikaa sakafuni jikoni tukichambua maharage, yeye upande wake, mimi upande wangu, redio ya bibi ikisema yake, na hakuna aliyemlazimisha mwenzake kuzungumza. Mpaka leo nikisikia maharage yakidondoka kwenye sufuria namkumbuka.

Wenzake nao tuliwazoea. Kulikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto aliyetafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kama kasuku. Kulikuwa na mdakaji mnene aliyekuja kwetu Jumapili kula pilau, akauma pilipili nzima akidhani ni mboga, akatoka kwenda kulilia barazani ili bibi asione. Kulikuwa na mmoja mrefu aliyeusemesha mpira kwa sauti kabla ya kuurusha. Nilikaa karibu na uzio na kumsikia akiubembeleza. Jioni za uwanja ule zilinukia mafuta ya chipsi na nyasi zilizokatwa, na mama alitoka jikoni kidogo kila zamu ya mgeni wetu ya kupiga ilipofika, taulo bado begani.

Mwezi wa nane mgeni wetu akaanza kupiga kama mtu aliyefunguliwa kamba. Kila mchezo alipiga. Timu ikapanda, watu wakaanza kujaza viti, na jina lake likatangazwa kwa kuvutwa kama la mtu mkubwa. Mama akatueleza alichosikia jikoni: huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kutazamwa. Akimaliza vizuri, angebaki na kupandishwa. Akianguka, angepewa tiketi ya ndege ya kurudi kwao, na hakuna timu nyingine ambayo ingemwita tena.

Kisha kukawa na harufu.

"Kuna panya amekufa chumbani kwa mgeni," bibi alisema asubuhi moja. Aliingia na kuinama chini ya kitanda, akafungua kabati, na mwisho akatoka ameshika fulana kwa vidole viwili. Ilikuwa fulana ya ndani, ya kijivu, imekauka kama ubao. Bibi hakuiamini mashine ya kufulia ya chini ya jengo. Aliifua kwa mkono, kwa sabuni ya kipande, akaisuuza mara nyingi, akaianika barazani, akaipiga pasi, akaiweka juu ya mto wa kijana, imekunjwa vizuri, inanukia.

Aliporudi akaiona, alikaa kitandani. Hakupiga kelele. Aliniita, akajaribu kunieleza kwa Kiingereza chake: tangu aanze kupiga hakuifua, makusudi. Wachezaji wengi walifanya hivyo. Mwenye bahati haoshi kitu mpaka bahati imwishie yenyewe. Nilimweleza bibi.

"Bahati gani inayonuka namna ile?" bibi akasema. "Mwambie sasa ni mtu safi, atakimbia upesi."

Sikumwambia.

Timu yetu ikaingia fainali. Atakayetangulia kushinda mara tatu ndiye bingwa. Michezo miwili ya kwanza ilichezwa kwa wapinzani, nasi tuliisikiliza redioni. Mgeni wetu hakugusa mpira hata mara moja. Tulipoteza yote miwili.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja wa Bukavu, alikuja kuazima sufuria na kusikia habari za fulana. Alipiga makofi.

"Eh, mama! Wewe njo ulifula bahati ya ule mutoto?"

"Nilifua uvundo."

"Sasa atarudi kwabo na nguo safi. Aksanti mingi, mama!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi naye alicheka, lakini kidogo. Usiku ule kijana alirudi na basi la timu, akakaa mezani, akala matonge mawili ya ugali, akasukuma sahani taratibu na kuomba radhi. Bibi hakuamini mambo ya fulana, lakini aliamini sahani. Aliitazama ile sahani muda mrefu.

Asubuhi alinitikisa jua likichomoza. "Mwite mgeni. Mwambie avae ile fulana."

Jirani yule alikuwa na kishamba kule Greenbelt, kipande alichogawiwa na watu wa mji, amepanda matembele na mahindi. Majani ya porini yalikuwa yamemzidi. Bibi alikuwa ameshaongea naye mlangoni, na majembe mawili yalikuwa tayari kwenye gari.

"Jasho nililitoa mimi," bibi akasema, "na mimi nitalirudisha. Mwambie."

Kijana alikuwa amesimama kwenye korido, macho mekundu, hajui kinachoendelea. Mama alikuwa kazini. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nilitazama viatu vyangu, kisha nikainua uso na kumweleza yote, kwa sauti ambayo mwenyewe sikuijua: kwamba bibi anasikitika, kwamba fulana itapata jasho jipya, kwamba mchezo ni jioni kwa hiyo tufanye haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akaenda kuvaa.

Mwanzo wa mwezi wa tisa huku kwetu joto bado ni lile la kunata. Alilima mistari ya matembele tangu mwanzo hadi mwisho, udongo mwekundu ukimrukia kifuani. Bibi alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mwavuli mkononi, akimhimiza. "Hapo bado! Hapo umeruka!" Jirani alichuma matembele huku akimwimbia nyimbo za kanisani za kwao. Fulana ilipolowa mgongoni, bibi aliinuka, akasogea, akanusa.

"Yatosha," akasema. "Mpeni maji."

Jioni ile bibi alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza, na kanga mbili na thermosi ya chai. Mara ya kwanza kijana alikosa. Bibi akafumba macho. Mara ya pili alipiga, na mara ya tatu, na tukashinda. Kesho yake tukashinda tena. Siku ya mwisho viti vilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Tulikuwa sare, zamu ya mwisho kabisa, na mchezaji wetu mmoja alikuwa kwenye kituo cha tatu akisubiri mtu wa kumrudisha nyumbani, yaani pale anaposimama mpigaji, ili tupate pointi. Aliyekuja kupiga alikuwa mgeni wetu.

Hakupiga mbali. Mpira uliligonga gongo lake kwenye ncha, ukabingirika kwenye majani pole pole kama kitu kilichochoka. Wote wakaukimbilia, na yeye akakimbia. Yule wa kituo cha tatu akafika nyumbani, na mgeni wetu akakanyaga kituo chake kabla mpira haujafika. Uwanja ukalipuka. Mama aliruka na kofia yake ya jikoni.

"Ndiyo hicho tu?" bibi akaniuliza, machozi yakimtiririka. "Hicho kidogo?"

Juma lililofuata ofisi ikamwambia atabaki, na mwaka ujao atapanda timu ya juu, katika mji mwingine. Akaruhusiwa kwenda kwao kupumzika. Tulimsindikiza hadi kwenye gari, bibi akamjazia mfuko maandazi, na mdakaji mnene akampeleka uwanja wa ndege.

Nilichukua ufagio nikaenda chumbani kwake. Bibi akaninyang'anya mlangoni.

"Msafiri akitoka, nyuma yake hapafagiwi mpaka afike."

Nilimtazama, yeye aliyemcheka mtoto wa watu kwa ajili ya fulana. Hakunitazama. Chumba kikakaa hivyo: nyuzi za soksi, maganda ya mbegu za alizeti ya yule rafiki yake, vumbi jekundu la Greenbelt kando ya kitanda.

Siku hizi chumbani mle wanakaa watu wengine. Kishamba kimekuwa maegesho ya magari, jirani yetu alihamia jimbo la mbali kwa wanawe, na bibi tulimzika Tanga. Wale vijana wa pichani sijui walipo, na wengi hawakufika timu kubwa. Yeye alicheza miaka michache zaidi, kisha tukapotezana. Sina huzuni nayo. Siku ya pili baada ya yeye kuondoka, simu ilipolia, mama alikuwa kazini na bibi alikuwa akiswali, kwa hiyo niliipokea mimi. Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu wengi na muziki, na jogoo, na yeye akisema kwa Kiswahili alichojifunza jikoni kwetu, "Bibi, nimefika."

Nikafagia.