Mzizi wa Nkwabi Kwenye Sinema

Nkwabi alikuwa mmoja wa wacheza na nyoka wa Shinyanga. Alikula kiapo cha chama chao kwamba mtu wa nje hatauona mzizi wa kutibia sumu. Mwaka 1952 mzungu mwenye kamera alimpiga picha akiuchimba, naye kwa kujipendekeza akauinua juu. Sasa serikali ilizileta filamu za mzungu huyo uwanjani, zionyeshwe kwenye shuka jeupe mbele ya watemi na mabwana shamba.

“Baba Kabula, mbona unatetemeka?” mkewe aliuliza. “Nyoka huwaogopi, unaogopa shuka jeupe?”

Aliyevunja kiapo aliachwa aumwe na nyoka, afe bila dawa, na Lufunga, mkuu wa chama, alikaa nyuma yake.

Mkono wa Nkwabi ukatokea kwenye shuka, mkubwa kama mlango, umeshika mzizi. Akafumba macho, akingoja kuhukumiwa.

Akasikia kicheko. “Umetoka vizuri, Nkwabi,” alisema Lufunga. “Mwambie mzungu wako anipige picha na mimi.”

Hapo ndipo Nkwabi alipoogopa kweli. Kiapo walichokilinda baba zao kilikuwa kimekufa pale uwanjani, na mkuu wao alikuwa akiomba picha.