Bisibisi za Nyumba ya Dada

Duka la vyuma la Magoudjou, mjini Moroni, lilinukia mafuta ya mashine, kamba mpya na maboksi yaliyoloa unyevu wa bahari. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na siku baba aliponiingiza humo nilijiona mtu mzima kabisa. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale Wazungu wa kukodiwa waliokuja na mapinduzi kisha wakabaki Moroni wakiwaamrisha walinzi wa rais, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza siasa. Dada yangu Eshati alikuwa anaolewa. Kwetu Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, nyumba ni ya binti: mume ndiye anayehamia kwa mkewe, na wanaopaswa kuijenga mpaka ikamilike ni baba wa binti pamoja na kaka zake. Eshati hakuwa na kaka. Alikuwa na mimi, mdogo wake wa kike.

Nyumba yenyewe ilikuwa imeshasimama, ila nyuma yake palikuwa na mteremko, na baba alitaka kujenga ukumbi wa mbao juu ya nguzo ili wanawake wapate pa kukaa na kucheza siku ya harusi. Baba zangu wadogo walimcheka mpaka machozi. Kaka yao alikuwa fundi cherehani. Tangu azaliwe hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Walitaka awachukue watoto wao wa kiume wamsaidie, la sivyo mji mzima ungesema nyumba ya Eshati imekosa mtu. Neno hilo lilimchoma baba, na mimi lilinichoma zaidi. Alijibu kwamba mtu anaye, akanishika mkono tukavuka bahari mpaka Moroni, tukaenda dukani.

Mwenye duka alitumwagia bisibisi mezani. Baba alivutiwa papo hapo na moja nene, yenye mpini mwekundu unaong'aa, kwa sababu ilijaa kiganja. Mimi nilizitazama ncha. Kazi ya kufungua cherehani na kuitia mafuta ilikuwa yangu, kwani baba alikuwa ameshaharibu vichwa vya skrubu kadhaa kwa kuvilazimisha na bisibisi isiyovitosha. Nikaomba skrubu tulizotaka kununua, zenye kichwa cha msalaba, nikaanza kujaribu ncha moja baada ya nyingine. Ile nyekundu ilichezacheza ndani ya msalaba. "Hiyo hapana, Baba," nikasema. Mwenye duka akacheka akauliza, "Leo fundi ni nani hapa?" Baba akamjibu bila hata kugeuka, "Muulize yeye." Nikaendelea, sasa shingo imesimama kama ya jogoo, mpaka nikapata moja yenye mpini wa mbao, isiyo na urembo wowote. Nilipoichomeka na kuinyanyua, skrubu ilibaki imening'inia kwenye ncha. Tukachukua hiyo, na nyingine fupi ya kona zinazobana, na keekee ya kuzungusha kwa mkono ya kutobolea mbao kwanza zisipasuke.

Bandarini, kabla hatujapanda chombo cha kwenda Mutsamudu, mlinzi mmoja mwenye bunduki aliupekua mfuko wetu. Alikuwa Mkomori kama sisi, lakini Mzungu wake alikuwa amesimama karibu. Akaitoa bisibisi ndefu akaitazama kama kisu. Mimi nikafanya lile ambalo kila mtoto wa kwetu hufundishwa kumfanyia mkubwa: nikasema, "Kwezi." Salamu hiyo mkubwa hawezi kuiacha bila jibu. "Mbona," akajibu, kama salamu hiyo inavyoitikiwa, sauti ikalegea. Nikamwambia, "Ni za nyumba ya dada yangu. Anaolewa." Akanitazama, akairudisha bisibisi mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, akatwambia twende.

Mbao zilishushwa kutoka Patsy, huko mlimani, zingine mbichi bado, zikinukia utomvu. Baba alipima kwa utepe wake wa cherehani; mimi nilitoboa, nikafunga skrubu, nikatoboa tena. Malengelenge yalipasuka viganjani, nami nikayafunga kwa vipande vya kanga na kuendelea. Mama alinikemea, lakini kila jirani alipopita, mama huyohuyo aliniita nimwonyeshe mikono.

Siku ya harusi wanawake walijaa ukumbini. Ngoma ilipokolea wakaanza kuzikanyaga zile mbao kwa nguvu zote, na mimi nikasimama chini kwenye mteremko, roho mkononi, nikizitazama skrubu zangu. Hakuna iliyolegea. Baba mdogo wangu mmoja aliinama chini ya ukumbi, akatikisa nguzo, akauliza ni vijana gani waliosaidia. Baba akaniweka mbele yake, mikono yake mabegani mwangu. "Huyu," akasema, mbele ya watu wote.

Siku hizi kuna mashine ya umeme inayofunga skrubu kabla hujamaliza kupumua, na ninayo, naipenda. Ukumbi ule ulishabomolewa, pakamwagwa zege. Mwaka jana Eshati alipoanza kumjengea binti yake nyumba, kwa desturi yetu angemwita mjomba wa mtoto, kaka yake yeye, aje asimamie. Watu walimuuliza atafanyaje naye hana. Eshati akawashangaa, akachukua simu akanipigia mimi.