Gari Lisilojua Kurudi Nyuma

Mtaani walimwita Mama Mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na fimbo za chuma zimeegemezwa ukutani kama mikuki. Lakini kushona kulikuwa nusu tu ya kazi. Alikwenda kwa wateja kupima madirisha, na nguo ikiwa tayari alirudi kutundika mwenyewe, kwa sababu pazia likikaa upande, alisema, anayesemwa ni mshonaji.

Kutundika huko ndiko kulikomvunja goti. Ngazi iliteleza kwenye vigae vya nyumba ya mteja, naye akaangukia mguu wa kushoto. Mfupa uliunga, goti likakataa kukunjika kama zamani. Kutembea alitembea, kukanyaga klachi hakuweza. Akauza kigari chake cha gia za mkono na kununua gari refu la otomatiki, la mtumba, lenye nafasi ya fimbo na mabunda ya vitambaa. Mguu wa kulia ukafanya kazi zote, wa kushoto ukapumzika. Kwa muda alijiona amerudishiwa mwili wake.

Ugonjwa wa gari ulianza kwa adabu. Asubuhi akitia gia, injini inanguruma, gari limetulia tu kama mtu anayefikiria mwaliko, halafu ghafla linaruka mbele kana kwamba limepigwa teke. Fundi wa gereji ya jirani alimwaga oili ya gia, ikatoka nyeusi, ikinuka kuungua, akajaza mpya. Gari likapata nafuu, kisha likazidiwa. Fundi wa pili alichomeka kompyuta yake chini ya usukani, akabadilisha kifaa kimoja, akabadilisha cha pili, halafu akasema huenda kile cha kwanza hakikuwa na neno. Vyote vililipiwa. Vya zamani alikabidhiwa ndani ya mfuko wa plastiki ajionee mwenyewe. Akavitazama bila kujua anatazama nini.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa bingwa wa habari za magari yote isipokuwa la kwake, ambalo lilikuwa juu ya matofali. Alimwambia kuwa otomatiki ndivyo zilivyo: ikiwa nzima inakubeba, ikiugua unaibeba wewe.

Maneno hayo yalitimia siku rivasi ilipokufa. Gari lilikwenda mbele, kwa teke lake, lakini kurudi nyuma halikurudi hata kidogo. Gharama ya kufungua giaboksi ilimtisha, na oda za wateja zilikuwa zimerundikana, kwa hiyo Mama Mapazia akajifunza kuishi kwa kwenda mbele tu. Hakuegesha mahali ambapo pua ya gari ilitazama ukuta. Alizunguka kituo cha mafuta kizima ili ageuze. Kabla ya kukubali mteja mpya aliuliza kwanza kama barabara ya kwake inatokea upande wa pili, na wateja wakadhani ni mambo ya usalama.

Pasipo na njia, alikuwepo mumewe. Huyu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mpole, mwenye tabia ya kukunja shati mikono kabla ya jambo lolote. Gari hakuendesha. Ujanani alijaribu, akaangusha ukuta wa watu, akarudisha funguo na kuapa. Sasa alifuatana na mkewe kwenye kazi zake. Ilipobidi gari lirudi, alishuka, akakunja mikono ya shati, akaegemea boneti na kusukuma. Majirani wakampa jina la Rivasi. Aliitika bila kinyongo.

Mambo yakaharibika kwenye kichochoro kimoja chembamba, chenye kuta pande zote mbili. Walikuwa katikati, mapazia ya chumba cha mikutano yamejaa nyuma, lilipoingia lori la mitungi ya gesi. Dereva akapiga honi, akawaashiria warudi. Mama Mapazia akateremsha kioo.

"Kaka yangu, hili halirudi nyuma."

"Halirudi vipi? Gari zima hilo."

"Linakwenda mbele tu."

Dereva alimtazama kwa muda, kama anayepima kama anataniwa. Naye hakuweza kurudi, nyuma yake magari mengine yalishajipanga. Hatimaye wapakiaji wake wakashuka wakicheka, wakaungana na yule karani kwenye boneti. Gari lilikuwa zito, na kichochoro kilipanda kidogo. Walipofika kwenye upenyo wa kupishana, wapakiaji walinyooka; mumewe hakunyooka. Alibaki ameinama, mkono kiunoni, akisema polepole kwamba si kitu.

Kilikuwa kitu. Daktari alimlaza kitandani na kumkataza kuinua hata ndoo. Mama Mapazia akapiga moyo konde, akalipeleka gari kwa fundi wa giaboksi, aliyesifiwa mji mzima. Huyo aliishusha na kuipanga vipande juu ya boksi la katoni lililotandazwa. Sahani za ndani zilikuwa zimeungua, nyeusi tii. Vipuri vya kuijenga upya, alisema, vingeagizwa mbali na bei yake ilikuwa ya kuketi chini. Ipo njia nyepesi, kufunga giaboksi nyingine iliyotumika. Mama Mapazia alichagua nyepesi, akatoa akiba aliyoiweka kwa ajili ya cherehani mpya.

Gari likarudi nyuma. Alilirudisha nyuma mara kadhaa palepale gereji bila sababu, kwa raha tu. Mvua za msimu ule hazijaisha, likaanza tena kufikiria kabla ya kuondoka.

Akarudi kwa fundi. Fundi hakubisha, wala hakujitetea sana. "Mama, giaboksi ya mtumba ni kama tikiti maji," alisema. "Utalijua ukishalikata." Alikuwa tayari kutafuta nyingine, na kazi ya kufunga angempunguzia.

Mama Mapazia hakulia gereji. Alilia nyumbani, mbele ya cherehani, kisha akafuta macho kwa kipande cha bitana na kuendelea na pindo. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mshipi wa kiuno umemkaza chini ya shati. Alikaa kwenye bunda la kitambaa.

"Uza hilo gari," alisema. "Tununue la gia za mkono."

"Aliendeshe nani?"

"Mimi."

Mama Mapazia akasimamisha cherehani. "Wewe?"

"Mguu wangu wa kushoto hauna kazi nyingine."

Shemeji akaleta mnunuzi, pamoja na ushauri: wamwoneshe gari mchana, injini ikishapata moto, kwenye mteremko linakojiendea lenyewe, na mazungumzo yawe mengi. Mama Mapazia alikataa. Alishuku kwamba hata yeye aliuziwa hivyohivyo. Likaenda kwa wauza vipuri, milango kwa huyu na taa kwa yule, na alipewa kidogo.

Mwalimu wa udereva alikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wao. Karani alizisoma sheria za barabarani kama jalada la kesi na kuzijua zote. Miguu ndiyo iliyokataa kusoma. Mtihani wa kwanza wa leseni alianguka. Jioni walikwenda uwanja mtupu wa mpira na kigari walichonunua, mkewe kando yake, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo na mdomo haupumziki. Siku moja alizima injini, akatoa ufunguo.

"Mama watoto, hatukugombana kwa mambo makubwa. Tusigombane kwa gia ya pili."

Tangu hapo mkewe alinyamaza, ingawa kunyamaza kulimchosha kuliko kutundika. Mumewe akafaulu mara ya pili.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa nyumba mpya juu ya kilima. Katikati ya kupanda, foleni ikasimama, na ilipoondoka gari lao likazimika. Akawasha, likazimika tena. Honi zikaanza nyuma. Mama Mapazia alitazama dirishani, akahesabu madirisha ya jengo la jirani, yasiyo na mapazia hata moja. Mumewe alivuta breki ya mkono, akapumua, akaachia klachi kidogokidogo, na gari likapanda likitetemeka mpaka juu.

Walifika wamechelewa. Mwenye nyumba alishatoka, ufunguo ameuacha kwa mlinzi. Sebule ilinuka rangi mbichi. Mama Mapazia akavua viatu, akachukua futi kamba, akampa mumewe ncha moja na kumwambia aishike pale juu, kwenye kona, asiilegeze.