Kitabu Kisichouma

Nikisikia harufu ya gundi kuukuu na karatasi iliyopigwa na unyevu, shingo hujikunja yenyewe. Ndiyo harufu ya kamusi ya Mwalimu Sanga, aliyetufundisha Kiingereza kijijini kwetu, kwenye barabara ya Idodi, miaka ya sabini.

Walimu wengine walikuwa na fimbo. Yeye alikuwa na kamusi, na kila ukikosea imla ilikushukia sikioni. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," alikuwa akisema, na kwetu ulimwengu ulikuwa na jalada gumu. Alitumia mkono wa kulia, hivyo lililoumia ni sikio la kushoto. Siku moja damu ilinichuruzika, nikaifuta kwa sketi, nikaendelea kuandika. Kesho yake nilikosea zaidi, nikapigwa zaidi.

Hata hivyo nilichaguliwa kwenda sekondari. Huko masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na baba aliogopa nitashindwa nirudi kulima. Akanipeleka Iringa mjini tutafute kitabu cha kunisaidia kuandika. Mwenye duka akatuwekea viwili mezani: kamusi nene na kijitabu chembamba cha sarufi.

"Haya mama, chagua," baba alisema.

Nikainua kamusi, nikajigonga nayo sikioni. Kisha kile chembamba.

"Hiki, baba. Hakiumi."

"Nani kakwambia vitabu vinauma?"

Nikamweleza yote, wala sikujua kwamba ninamshtaki mtu. Baba alinunua vyote viwili, na tuliposhuka kwenye basi alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu, akampiga usoni kwa kamusi mpya mpaka majirani wakaja kumshika mikono. Mwalimu alitema jino. Siwafichi, nilifurahi sana.

Sekondari nilivisoma vitabu vyote viwili mpaka vikachakaa. Insha zangu zilinyooka, lakini imla ilinishinda vilevile, nikajiona mjinga wa kuzaliwa. Mwalimu mmoja wa kike akanipeleka hospitali Mbeya. Daktari aliniita kwa sauti ya chini upande wa kushoto, mimi nikaendelea kutazama dirishani. Kiwambo cha sikio kilikuwa kimepasuka zamani.

Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nakosea kwa sababu sisikii, na nilikuwa sisikii kwa sababu ya kupigwa nikikosea. Likizo nikamweleza baba. Akasema kwa upole kwamba angalijua siku ile, majirani wasingalimuwahi mwalimu akiwa hai.