Moshi Mweupe wa Helikopta ya Kasoli

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoitia aibu ngoma yetu mbele ya Kasoli nzima, tena si kwa uvivu, kwa ufundi.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na vinu vyao. Nilikuwa fundi wa kinu kimoja Bariadi. Mzungu aliyekuja kufunga mashine alikuwa na helikopta ndogo ya kuchezea, inayoruka kwa injini ya mafuta na kuongozwa kwa rimoti. Ilipomvunjikia aliniachia, pamoja na madumu mawili ya mafuta yake, akanisisitizia jambo moja. Injini ile inalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye mafuta yenyewe, kwa hiyo ikiwa salama hutoa moshi mweupe. Moshi ukipotea, ishushe.

Nilihangaika nayo miezi. Viungo vya plastiki vilivyokatika nikachonga vingine kwa sufuria ya mama, ambayo aliitafuta mpaka akachoka. Mapanga ya kurukia nikayachonga kwa mti, nikawa nayapima na kuyasugua mpaka yakalingana uzito. Siku iliponyanyuka nilipiga kelele peke yangu uwanjani.

Unazijua ngoma zetu za Kisukuma. Bagika huku, Bagalu kule, wanacheza saa ileile, na mshindi ni kundi lililozungukwa na watu wengi. Kwa hiyo kila kundi huandaa kioja chake kwa siri. Sisi Bagalu tulikuwa tumeshindwa misimu mitatu mfululizo, na manju wetu, yaani kiongozi wa ngoma, mzee Nkwabi, alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye ile helikopta.

Mimi nami nikazidisha. Nilitaka ipae na kitenge chenye rangi za kundi letu. Injini ikalemewa. Asubuhi ya mashindano nikachukua bisibisi, nikakaza skrubu ya kabureta ili mafuta yapungue. Injini ikalia kwa ukali mtamu, nguvu ikaongezeka, nikajiona bingwa.

Ilipopaa na kitenge chake, watu waliwaacha Bagika wakatukimbilia. Nikatazama juu. Moshi haukuwepo. Niliona kuwa haupo, mwanangu, wala sitakudanganya. Muda si mrefu injini, iliyokosa oili, ikakwama ghafla, helikopta ikaanguka juu ya ngoma yetu kubwa na kuipasua. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini bila ngoma ile wachezaji wetu walisimama kama waliofiwa, na watu wakarudi kwa Bagika wakicheka.

Mzee Nkwabi hakunifokea. Aliokota kipande cha panga.

“Ng'wanone,” alisema, yaani mwanangu, maana ndivyo alivyotuita wote, “jana chombo chako kilikuwa kinatoa moshi. Leo hakikutoa. Hukuona?”

“Niliona, baba.”

“Sasa mbona hukukishusha?”

“Watu walikuwa wanakuja.”

Alinikabidhi kile kipande. “Basi utakileta tena msimu ujao. Na kitenge ubaki nacho wewe.”

Ningeweza kuacha. Wenzangu walinisihi niache! Nikakataa. Nilifungua injini yote, nikasugua pistoni iliyochubuka, nikachonga mapanga mapya, na skrubu ile sikuigusa tena ila kidogo kidogo, kila mara nikitazama moshi kabla ya kuongeza.

Msimu uliofuata ikapaa bila kitenge, moshi ukiifuata. Watu wakaja wengi. Katikati ya shangwe moshi ukaanza kufifia. Niliishusha. Wengine wakazomea, wengi wakaondoka, na Bagika wakatushinda kwa mara ya tano. Mzee Nkwabi akaishika ile injini ya moto, akaruka na kupuliza vidole, akacheka. Kisha akaipiga ngoma yetu, iliyowambwa upya na safari hii nzima kabisa, tukacheza mpaka jua likazama.

Mwanangu, wewe unayefungua kabureta za pikipiki za watu pale Somanda, ongeza nguvu ya chombo utakavyo, na kikikushinda leo kirudie kesho, wala usikubali kukatishwa tamaa. Lakini ukiona dalili ya hatari, shusha, hata kama wote wanakushangilia. Mimi niliona, nikanyamaza, na aibu ile bado ninayo.

Mungu akupe mikono mitulivu na moyo usiochoka, na siku ya kushusha ikifika, akupe ujasiri wa kuzomewa.